Bi Harusi, Hadhi ya Nyumba Haipimwi kwa Urefu wa Spika



Leo tunasema wazi, na mwenye kununa anune: zile spika ndefu za kusimama sakafuni, zinazomfika mtu mzima kifuani, hazina kazi katika ukumbi wa kawaida wa bi harusi. Zitoke. Mahali pake ziingie spika mbili ndogo za kuweka kwenye shelfu, zilizochaguliwa kwa sikio na siyo kwa jicho. Hatusemi hivi kwa ubahili wala kwa kuchukia raha. Nyumba ya Muislamu ina haki mbili katika jambo la sauti: aliye ndani afahamu anachokisikiliza, na aliye nje asiudhike. Spika ndefu katika chumba kidogo huzivunja haki zote mbili.

Kilichotutia maneno mdomoni ni suala la binti wa kwetu aliyeolewa Mlangali, juu kwenye milima ya Ludewa, mkoani Njombe. Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma na paa la bati, na ukumbi wake ni mita 3 kwa mita 3 na nusu. Humo mna makochi, kabati la TV, na minara miwili ya spika iliyokwenda pamoja na vyombo vya harusi. Anataka kuiuza anunue spika za shelfu. Watu wawili wamemkataza: mama mkwe, anayeona kuuza kitu cha harusi ni mkosi, na shoga yake wa huku Unguja, aliyemwambia kuwa atachekwa. Ametuuliza kama anakosea. Hakosei, na tunataka wengine walio katika hali yake wasikie sababu.

Tuanze na hilo la kuchekwa, maana ndilo mzizi. Kwetu visiwani siku ya kupeleka vyombo watu hutazama. Kitanda kinahesabiwa, kabati linahesabiwa, friji linapigwa picha, na siku hizi picha inazunguka kwenye simu kabla gari halijafika kwa bwana harusi. Katika mashindano hayo kitu kirefu kinamshinda kitu kizuri, kwa kuwa urefu unaonekana kwenye picha na uzuri wa sauti hauonekani. Ndivyo spika zilivyogeuka pambo. Bi harusi mwenyewe hakuulizwa anasikiliza nini, anasikiliza saa ngapi, na nani analala nyuma ya ukuta.

Allah ametukataza israfu, na katika Suratul Israa amewahesabu wabadhirifu katika udugu na mashetani. Tusidhani israfu ni kwa matajiri tu. Kitu ambacho robo yake ingekutosha, nawe ukakinunua chote ili wengine wakione, ni israfu hata kikiwa cha mkopo. Tena tazama safari ya vitu hivyo: boti kutoka Malindi hadi Dar es Salaam, basi usiku na mchana kupita Iringa hadi Makambako, kisha Njombe, kisha barabara ya milimani. Minara miwili ya mbao inaweza kuzidi kilo 40. Spika mbili za shelfu ni kilo 10 au 12, na unaweza kuzipakata.

Sasa tuseme habari ya sauti yenyewe, maana hapa ndipo wauzaji wanapotufunga macho.

Kila chumba kina sauti yake. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na inapogonga ukuta hurudi. Chumba chenye urefu wa mita 3 na nusu huivimbisha besi yenye mitetemo kama 49 kwa sekunde, na upande wa mita 3 huivimbisha ile ya mitetemo kama 57. Spika ndefu imetengenezwa ishuke chini kabisa, kwa hiyo katika chumba kama hicho inakwenda kuamsha uvimbe huo kila dakika. Unachokipata ni ngurumo inayobaki hewani wakati msomaji ameshahamia aya ya pili. Bati linatetema, glasi za kabatini zinalia, na wewe unaongeza sauti ukidhani hujasikia vizuri kwa kuwa ni ndogo. Kumbe hujasikia kwa kuwa besi imeyafunika maneno.

Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia kwenye mitetemo kama 85 kwa sekunde, na ya mwanamke iko juu zaidi. Spika nzuri ya shelfu yenye wufa ya inchi 5 au 6 hushuka hadi mitetemo 60 hivi. Maana yake sauti yote ya binadamu imo ndani yake na nafasi inabaki. Si bahati kwamba shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipotaka kusikiliza kwa uhakika sauti za watangazaji ndani ya magari yake ya matangazo katika miaka ya 1970, lilibuni spika ndogo ya shelfu iliyoitwa LS3/5A. Wahandisi walikuwa na chumba kidogo na kazi ya kusikiliza sauti ya mtu. Wewe pia una chumba kidogo, na kikubwa unachokisikiliza ni sauti ya mtu: kisomo, mawaidha, kasida, habari.

Wenye kusoma tajwidi watatuelewa upesi. Zipo herufi za safiri: sad, zay na sin, zenye mluzi. Mluzi huo uko kwenye mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde, na ni kazi ya twita, ile spika ndogo ya juu. Besi ikizidi, sin na sad zinakaribiana, na ghuna inayeyuka ndani ya mvumo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi msahafu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, alisoma kwa utulivu ambao mpaka leo walimu wanautumia kufundishia. Kumsikiliza msomaji kama huyo kupitia ngurumo ni kumdhulumu. Mtoto anayejifunza Juz' Amma kwa kuiga sauti ya ukumbini ataiga anachokisikia. Akisikia herufi mbovu, atasoma herufi mbovu.

Na zile wati? Kwenye boksi kumeandikwa namba kubwa za kutisha, pembeni yake herufi PMPO. Hiyo si nguvu ya kazi. Ni namba ya kuuzia. Namba ya kuangalia ni ile yenye herufi RMS. Halafu ujue jambo hili: spika nyingi za shelfu hutoa kiasi cha desibeli 86 ukizipa wati moja tu na kukaa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Wati moja imeshakushinda kwa kelele! Na ili uongeze desibeli 3 tu, lazima uongeze nguvu mara mbili. Anayekuuzia wati 200 badala ya 100 amekuuzia tofauti ambayo sikio lako litaitambua kidogo, na mfuko wako utaitambua sana.

Tumfikie jirani, maana kwake ndiko kwenye uzito wa jambo hili.

Besi hupenya ukuta. Sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi, huishia kwenye tofali na pazia. Kwa hiyo jirani hapati Qur'ani unayoicheza. Anapata dum, dum, dum ya kumtoa usingizini. Huko Njombe Waislamu ni wachache na makanisa ni mengi. Mwezi wa Juni na Julai baridi inauma, watu wanafunga milango mapema, na alfajiri wanatoka kwenda kwenye viazi na mahindi yao. Huenda dada yetu ndiye Muislamu wa kwanza ambaye jirani huyo amepakana naye ukuta. Hajui tafsiri, hajui tajwidi, na hatasoma kitabu kuhusu sisi. Atakachokijua kuhusu Uislamu ni kama mke wa nyumba ya pili anamsalimia, anamletea sahani ya Idi, na anamwacha mwanawe alale. Hiyo ndiyo da'awa yake huko milimani, na inaweza kuvunjwa na minara miwili ya mbao.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliapa kuwa haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakusema jirani Muislamu peke yake. Na katika Sunan Abi Dawud imo habari ya Mtume alipokuwa katika itikafu, akawasikia watu wakinyanyua sauti kwa kisomo. Alifunua pazia akawakataza wasiudhiane wala kupandishiana sauti. Hao walikuwa wanasoma Qur'ani, tena msikitini. Basi sisi tunaobonyeza simu tuna hoja gani? Luqman naye alimuusia mwanawe ateremshe sauti yake, na wasia huo Allah ameuhifadhi ndani ya Qur'ani ili uwe wetu pia.

Hata serikali imelitazama jambo hili. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, Tanzania Bara ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC imefungia baa na kumbi kwa kelele. Tunawashangilia wakifunga baa. Tutasema nini kelele hiyo hiyo ikitoka ukumbini kwetu?

Tunajua majibu yatakayokuja, tuyajibu.

Wapo watakaosema, "Bila besi hakuna raha." Hatukatai kuwa spika ndefu zina pahala pake. Ukumbi mpana, dari ya juu, na nafasi ya kuzitenga na kuta: hapo zinapumua na kushinda ndogo. Tatizo ni chumba. Ndani ya mita 3 kwa 3 na nusu, besi ya ziada haikupi raha, inakupa kichwa. Habari ya hukumu ya muziki hatuiingii leo. Wenye elimu wamesema, na kila mmoja ana mwalimu wake. Lakini hata mpenzi wa taarabu asijidanganye. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na sahani zake zikaenea Afrika Mashariki kwa santuri zisizokuwa na besi hata chembe. Watu walimsikiliza kwa sababu ya neno na sauti.

Wapo watakaosema, "Na tukiwa na shughuli, maulidi au harusi?" Kodi. Mwenye muziki wa kukodi ataleta spika, atazifunga, ataondoka nazo. Shughuli ni siku moja. Hakuna haja ya kulala nazo mwaka mzima ukumbini, mtoto anayejifunza kusimama akizishika kama nguzo. Kitu kirefu chembamba juu ya sakafu ya saruji hupinduka. Mwenye mtoto mdogo hahitaji kuelezwa zaidi.

Na mama mkwe anayesema kuuza kitu cha harusi ni mkosi? Huyu ajibiwe kwa adabu, "Mama, nimekusikia," na baadaye aelezwe kwa upole kuwa dini yetu haina mkosi wa namna hiyo. Mtume amekataza kuamini nuksi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni mali ya nani. Ikiwa spika zilinunuliwa kwa mahari yako, ni zako. Suratun Nisaa imelimaliza hilo. Ikiwa ni za mume, au ni zawadi mliyopewa wote wawili, mshaurianeni kabla ya kutangaza bei. Usiuze kwa siri hata kama una haki. Ndoa changa huumia zaidi kwa siri kuliko kwa spika.

Haya, umekubali. Sasa chagua hivi.

Pima ukumbi kwanza. Mpaka mita 3 kwa 4, wufa ya inchi 5 inatosha. Zaidi ya hapo tafuta ya inchi 6 au 6 na nusu. Usiongezewe sabufa dukani eti ni ofa. Utakuwa umerudisha ngurumo kwa mlango wa nyuma.

Angalia amplifaya uliyonayo. Nyuma yake pameandikwa omu inazozikubali, kwa mfano 6 hadi 16 au 8. Spika nazo zimeandikwa, kwa kawaida 4, 6 au 8. Usinunue spika yenye omu chini ya kiwango cha chini cha amplifaya. Itapata moto na inaweza kuungua. Kama huna amplifaya, nunua spika za shelfu zenye amplifaya ndani yake, ukaunganisha simu au TV moja kwa moja. Kwa nyumba ndogo hilo ndilo jepesi kuliko yote.

Nenda na kisomo chako dukani. Usikubali muuzaji akuchezee wimbo wake wenye kishindo. Weka sura unayoijua kwa moyo, kwa msomaji unayemzoea, na uteremshe sauti mpaka iwe kama mtu anayezungumza nawe. Sikiliza sin na sad, ha na kha, na pumzi ya msomaji kabla ya aya. Ikiwa kwa sauti ya chini huyapati maneno, spika hiyo si yako hata ikiwa na taa za rangi saba.

Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. La mbao nzito litajibu kwa ufupi, tok. Likilia kama ndoo tupu, liache. Ukinunua iliyotumika, tazama ule mviringo laini unaozunguka wufa. Ukiwa umepasuka au unamung'unyika, spika imekwisha. Ibonyeze katikati kidogo sana kwa vidole vilivyopanuliwa, na ukisikia mkwaruzo, rudisha.

Ukifika nyumbani, ziweke twita ikabiliane na masikio ya aliyekaa kochini, zitengane kiasi sawa na umbali ulipo wewe. Nyingi zina tundu nyuma la kupumulia, kwa hiyo ziache sentimita 20 au 30 kutoka ukutani, na zisiingie pembeni kabisa mwa chumba kwa sababu pembe huongeza besi. Usiziegemeze kwenye ukuta wa jirani. Weka kipande cha mpira au kitambaa kinene chini yake ili shelfu isitetemeke. Zulia, mkeka na pazia zito vitakusaidia kuliko kuongeza sauti. Walio milimani wakumbuke kuchomoa waya radi inapoanza. Walio visiwani wafute vichomekeo mara kwa mara, maana hewa ya bahari inaleta kutu.

Kisha fanya mtihani mmoja, na huu ndio tunaouamini kuliko maandishi ya boksi lolote. Baada ya Isha washa kisomo kwa sauti unayoipenda, toka nje, funga mlango, usimame karibu na dirisha la jirani. Ukisikia dum dum, rudi ndani uteremshe, au uzisogeze mbali na ukuta. Usiposikia kitu, na ukirudi ndani ukalipata kila neno, umeshapata spika zako.

Dada yetu wa Mlangali, uza minara hiyo kwa mwenye ukumbi mkubwa, na usimfiche mnunuzi kasoro yake kama ipo. Fedha itakayobaki baada ya kununua ndogo, tia zulia, au mnunulie mama mkwe blanketi zito la baridi ya huko. Na wale watakaokucheka huku Unguja, waache wacheke. Hawapo chumbani na wewe usiku, wala jirani yako si jirani yao.

Allah azijaalie nyumba zetu zenye kisomo kinachofahamika na majirani wanaolala. Amin.

Wabillahi tawfiq.